Kukazia Macho: Kitenzi Anachokipenda Mtakatifu Luka



Yesu alipomaliza kusoma chuo cha nabii Isaya pale Nazareti, alikirudisha, akaketi, na watu wote katika sinagogi wakamkazia macho (Lk 4:20). Kitenzi cha Kigiriki hapo ni atenizo. Katika Agano Jipya kinatokea mara 14: mara 2 katika Injili ya Luka, mara 10 katika Matendo ya Mitume, na mara 2 katika Waraka wa Pili kwa Wakorintho. Ni neno la Luka hasa.

Asili yake ni teino, yaani kuvuta kitu hadi kinyooke. Hapo Kiswahili kilikuwa tayari, maana sisi nasi hukaza kamba na hukaza macho. Kukodoa au kutumbua macho kusingefaa: mtu hutumbua macho kwa mshangao tu, pengine bila kuona kitu. Anayekaza macho anatafuta jambo.

Jambo lenyewe laweza kuwa baya. Wale wa Nazareti hawakukawia kutaka kumtupa Yesu kutoka ukingo wa kilima. Mjakazi alimkazia macho Petro penye moto, kisha akamtaja mbele ya watu (Lk 22:56). Baraza lilimkazia macho Stefano, yeye akayakaza ya kwake mbinguni (Mdo 6:15, 7:55).

Lakini penye utajiri zaidi ni kwenye Mlango Mzuri wa Hekalu (Mdo 3). Kiwete anaomba sadaka. Petro, pamoja na Yohane, anamkazia macho, tena anamtaka naye awatazame. Kwetu kumkazia macho mtu mzima ni utovu wa adabu, na ni vema hivyo. Ila tunapotoka Misa na kumpita ombaomba mlangoni huku tukitazama simu, tusiseme ni adabu. Tunaogopa macho yetu yakikutana na yake atatudai.

Kiwete anaposimama, umati nao unawakazia macho mitume. Petro anauliza kwa nini wanawatazama wao, kana kwamba nguvu ni yao, na anawaelekeza kwa Yesu. Frateri unayeandaa homilia, soma aya ya 4 pamoja na ya 12. Kitenzi ni kilekile: Petro anamtazama hivyo maskini, lakini mwenyewe anakataa kutazamwa hivyo.