Mbwa mkubwa katika nyumba ya kupanga

MPANGAJI mwenye watoto sita hupata nyumba. Mwenye kuku kumi na wawili pia hupata, ingawa huenda akanung'unikiwa. Lakini jaribu, ndugu msomaji, kutafuta chumba mjini Litein au pale Silibwet huku umeshika mnyororo wa mbwa wa kilo 40, ndipo utakapoona jinsi vyumba vinavyoweza kujaa ghafla. Kile kilichokuwa wazi asubuhi, kwa mujibu wa tangazo lililobandikwa langoni, huwa kimekwisha kulipiwa na mtu mwingine.

Jambo hili si la kuchekwa sana. Kericho na Bomet ni sehemu zinazopokea wageni wengi wa kikazi: walimu, wauguzi, askari, makarani wa viwanda vya majani chai na wafanyakazi wa benki. Wengi wao huletwa na barua ya uhamisho, na barua hiyo haiulizi iwapo una mbwa. Mtu alikuwa na nyumba yenye ua kule Nakuru au Eldoret, akafuga mbwa wa aina ya Alsatian kwa sababu ya wezi, mbwa akakua na watoto wake. Leo anaambiwa aripoti Kapkatet baada ya wiki mbili. Afanyeje?

Wenyeji wengi wa nchi ya majani chai huishi katika mashamba yao wenyewe. Kwa hivyo mgeni huwa na njia tatu za kupata makao, na kila moja ina shida yake inapofikia suala la mbwa.

Njia ya kwanza ni ploti. Hapa nazungumzia vile vyumba kumi au kumi na viwili vilivyopangwa kwa mstari, vyenye lango moja, mfereji mmoja na vyoo vya pamoja. Wewe umelipia chumba nambari nne peke yake, lakini mbwa hajui habari za risiti. Yeye huweka mipaka kwa pua na kwa mazoea. Akishakojoa penye lango, penye mfereji na penye kamba ya kuanikia nguo, basi ploti nzima ni yake. Mtoto wa chumba nambari saba akija na mtungi wake kuteka maji, kwa macho ya mbwa huyo ni mwizi.

Isitoshe, ploti ina watu wa kila namna. Huenda jirani ni Mwislamu, na kwa mujibu wa madhehebu ya Shafi, yanayofuatwa na Waislamu wengi wa Afrika Mashariki, kitu kilichoguswa na mate ya mbwa huoshwa mara saba, mojawapo kwa udongo. Mbwa akipita huku akilamba ndoo zilizopangwa kwenye mfereji, umemwongezea jirani kazi ambayo hakuiomba. Wengine hawana sababu ya dini. Wanaogopa tu, na mtu hahitaji kutoa hoja ili aruhusiwe kuogopa meno.

Njia ya pili ni nyumba iliyo ndani ya shamba la mwenyeji. Hii ndiyo wenye mbwa huipenda, kwa kuwa ina nafasi na haina majirani ukutani. Lakini usidanganyike na ule ukimya. Majani chai huchunwa karibu mwaka mzima katika sehemu hizi, na wachumaji huamka mapema. Kabla ya jua kuchomoza utawasikia wakipita njiani, vikapu mgongoni, wakielekea shambani. Baadaye watapita tena wakiwa wamebeba majani kuelekea kituo cha kununulia. Vichaka vya chai vimekatwa usawa wa kiuno, na mbwa akiingia kati ya mistari haonekani hata kidogo. Mchumaji hutambua yupo anapotokea miguuni pake.

Kisha kuna mwenye shamba mwenyewe. Nyumba amekukodisha, lakini majani chai yaliyoizunguka ni yake. Siku ya kuchuma anakuja na jamaa zake, naye mbwa wako, ambaye amelala hapo miezi miwili na kuhesabu kila kichaka kuwa chake, anamzuia njiani. Hapo mzee hujikuta akipiga hodi katika shamba alilorithi kwa babake. Urafiki mwingi kati ya mpangaji na mwenye nyumba huvunjika asubuhi kama hiyo.

Njia ya tatu ni nyumba za makampuni ya majani chai. Brooke Bond ilianza kazi Kericho mwaka wa 1924, na tangu siku hizo makampuni yamejenga makazi ya wafanyakazi ndani ya mashamba yao. Majina ya wenye mali yamebadilika mara kadhaa, ingawa kituo cha biashara nje ya mji bado huitwa Brooke. Nyumba ya namna hii huja pamoja na kazi na huondoka pamoja na kazi. Usipoajiriwa huna haki nayo, na masharti ya wanyama ni ya mwajiri, si ya kujadiliana. Ukiwa na mbwa, uliza kabla ya kutia sahihi, na upewe jibu kwa maandishi. Neno la msimamizi wa kambi aliyekuonea huruma halitakusaidia siku atakapohamishwa.

ANASHINDA KILA SIKU

Watu husema mbwa fulani ni mkali kana kwamba amezaliwa na hasira. Aghalabu sivyo. Mtazame mbwa langoni. Mtu wa bodaboda anapita, mbwa anabweka. Mtu wa bodaboda anaendelea na safari yake, kama alivyokusudia tangu mwanzo. Lakini mbwa hajui hayo. Kwa hesabu yake yeye ndiye aliyemfukuza. Anakuja mwuza maziwa, anabwekewa, anatua chupa na kuondoka. Ushindi wa pili. Kufikia jioni mbwa ameshinda vita kumi na tano, na kesho ataanza kwa bidii zaidi. Tabia hii haionekani sana kwa mbwa mchanga. Hujitokeza anapopevuka, kati ya mwaka mmoja na mitatu, na ndiyo maana mtu aliyehamia na kijibwa kipole hushangaa mwaka unaofuata anapopewa notisi.

Kumfunga mnyororo mchana kutwa si dawa. Mbwa aliyefungwa hawezi kukimbia akiogopa, kwa hivyo hujifunza kuwa njia iliyobaki ni kuuma. Tena Sheria ya Kuzuia Ukatili kwa Wanyama, Sura ya 360, haimruhusu mtu kumtesa mnyama kwa kumfunga.

Lifaalo ni ratiba na ukuta. Mbwa alale au apumzike kibandani mchana, mahali asipoona njia, kisha aachiliwe usiku watu wakishaingia ndani. Kabla ya wachumaji kuanza kupita alfajiri, arudishwe. Kibanda si gharama kubwa: mabanzi na bati kuukuu hutosha, mradi sakafu iinuliwe kutoka ardhini. Kericho haina mzaha kwa mvua, nayo mvua ya mawe ni jambo la kawaida. Mbwa aliyelala kwenye maji hubweka usiku mzima. Seng'enge peke yake si ua kwa mbwa. Hupita chini yake kama maji. Ua wa sipresi uliosongamana humziba macho, na mbwa asiyeona mpita njia ana sababu chache za kumbwekea.

Siku ya kwanza, mfunge ukanda umzungushe kwa majirani. Mwenye nyumba amsalimie, ampe kipande cha ugali kwa mkono wake. Wachumaji wa shamba hilo pia. Watu wakisema “chamgei” nawe ukaitikia kwa utulivu, mbwa husikia sauti yako zaidi ya ile ya mgeni. Rudia jambo hili kwa wiki kadhaa, hata likikuchosha.

AKIUMA

Hapa ndipo penye uzito wote wa habari hii. Wanaoumwa zaidi ni watoto, na mtoto huumwa usoni na shingoni kwa sababu urefu wake ni sawa na mdomo wa mbwa. Juu ya kidonda kuna kichaa cha mbwa. Ugonjwa huo ulithibitishwa nchini Kenya kwa mara ya kwanza mwaka wa 1912, katika mbwa wa viungani mwa Nairobi, na haujaondoka hadi leo. Serikali iliweka mpango wa kuumaliza kati ya 2014 na 2030. Shirika la Afya Duniani linasema kuwa hadi asilimia 99 ya visa vya binadamu hutokana na mbwa, na kwamba ugonjwa huzuilika asilimia 70 ya mbwa wakichanjwa. Dalili zikishatokea kwa mtu, karibu hapana anayepona.

Kwa hivyo mtu akiumwa, kidonda kioshwe mara moja kwa sabuni na maji yanayotiririka kwa dakika 15. Si mafuta ya taa, si pilipili, si majani ya kutafunwa. Kisha hospitalini siku hiyo hiyo. Si kila zahanati iliyo na chanjo hii, hivyo ni heri kuelekea moja kwa moja hospitali kubwa, kama ile ya rufaa ya Kericho, au Longisa kwa watu wa Bomet. Sindano ni zaidi ya moja na hutolewa kwa siku maalumu. Anayeacha katikati kwa kuwa kidonda kimepona anacheza na roho yake.

Vijana wa mtaani watakuja na rungu wakitaka kumuua mbwa papo hapo. Wazuie ukiweza. Mbwa akifungiwa na kuangaliwa kwa siku 10, afisa wa mifugo atajua kama alikuwa na kichaa. Aliyezikwa kwa hasira hawezi kueleza lolote. Hata hivyo mgonjwa asingoje siku hizo 10 ziishe ndipo aanze matibabu.

Mbwa achanjwe akiwa na umri wa miezi mitatu, kisha kila mwaka. Kadi ya chanjo ndiyo barua yako ya utambulisho. Ipeleke kwa mwenye nyumba kabla hajaiuliza. Mpe pia dawa ya minyoo, na usimlishe matumbo mabichi kutoka kichinjioni, yachemshe.

Sheria nayo inasemaje? Kenya haina sheria inayomlazimisha mwenye nyumba kumpokea mbwa. Huko Ufaransa sheria ya mwaka 1970 iliwazuia wenye nyumba kupiga marufuku wanyama wa nyumbani kwa jumla, na mwaka 2013 mahakama kuu ya rufaa ya Ujerumani iliamua kuwa kipengele kinachokataza mbwa na paka wote hakina nguvu. Hapa kwetu kila kitu hutegemea mkataba. Hata mpangaji wa chumba cha kodi isiyozidi Sh2,500 kwa mwezi, anayelindwa na Sheria ya Kudhibiti Kodi, Sura ya 296, anaweza kuamriwa ahame ikithibitishwa kuwa anawaudhi majirani. Mbwa abwekaye usiku kucha anatosha kuwa udhia.

Tena kuna lile bango la “Mbwa Kali”. Walimu wa Kiswahili watasema ni “mbwa mkali”, nao wana haki, lakini wachoraji mabango wa Kenya walikwisha kuamua. Mengi hudhani bango humkinga mwenye mbwa. Kumbuka kuwa kwa kanuni tuliyorithi kutoka sheria ya Uingereza, anayejua mbwa wake ni hatari hulipa hasara mbwa huyo anapomdhuru mtu. Umeandika langoni kwa rangi nyekundu kwamba unajua.

Kwa hivyo mbwa aandikwe katika mkataba: idadi, ukubwa, mahali atakapolala, saa za kuachiliwa, na nani atakayetengeneza mlango uliokwaruzwa. Jitolee kuongeza dipoziti kidogo kabla hujaombwa. Mwenye nyumba mwoga hulainika akiona mgeni aliyefikiria shida yake. Akikataa, kubali na utafute kwingine. Kumwingiza mbwa usiku wa manane ukitumaini hatagunduliwa ni upuuzi, kwani mbwa ndiye atakayekuwa wa kwanza kujitangaza.

Kosa ninaloliona baya kuliko yote hufanywa siku ya kuondoka. Lori limejaa, nyumba mpya haitaki mbwa, naye anaachwa langoni na sufuria ya ugali. Mwenye nyumba anayofuata hatamlisha. Baada ya mwezi atakuwa akizurura sokoni bila chanjo, akiwauma watoto wa watu ambao hawakupata kumjua mwenyewe. Kama huwezi kuhama naye, anza kumtafutia mlezi mara tu barua ya uhamisho inapofika. Mwenye boma lenye ng'ombe mara nyingi hafukuzi mlinzi. Mlezi aje mara tatu au nne kumlisha mbwa mkiwa pamoja, kisha achukue na kadi ya chanjo.

Na kama mnahama naye, usimfungulie usiku wa kwanza hata akilia. Mfungie ndani kwa siku kadhaa, umtoe kwa ukanda. Mbwa aliyetolewa Kapkatet kupelekwa Sotik anaweza kuanza kurudi kwa miguu, na barabara ile ina malori mengi usiku.