Stanley aliyepita Ubwari: baba yake alikuwa nani?

BARAKA – Mwaka 1876 mashua iitwayo Lady Alice ilizunguka Ziwa Tanganyika, ikapita rasi ya Ubwari hapa Fizi. Mwenye mashua, Henry Morton Stanley, alijulikana kuwa Mmarekani. Lakini alizaliwa Denbigh, Wales, mwaka 1841, akiitwa John Rowlands.

Daftari la kanisa lilimwandika mwanaharamu. Mama yake, Elizabeth Parry, hakumlea. Akiwa na miaka 6 alipelekwa nyumba ya maskini ya St Asaph. Na baba? Wengine wanamtaja mlevi aliyeitwa pia John Rowlands, wengine wakili wa mji huo, James Vaughan Horne. Ubishi haujaisha.

Hata jina Stanley lina maneno. Alidai alipewa na mfanyabiashara wa pamba wa New Orleans, Henry Hope Stanley, aliyemfanya mwanawe. Tim Jeal, aliyesoma makaratasi yake yaliyowekwa Tervuren, Ubelgiji, aliandika mwaka 2007 kwamba hadithi hiyo ni ya kutungwa.

Magazeti yalipomfichua mwaka 1872, alikana. Ukweli wa Wales ulitoka katika kitabu chake cha mwaka 1909, yeye akiwa ameshafariki miaka 5.

Kwetu Fizi hizi si porojo za Wazungu. Hapa mtu huulizwa kwanza ukoo wake, na damu imemwagika kwa swali la nani ametoka wapi. Stanley alijaza kurasa akieleza makabila ya ziwa hili. Ukoo wake aliuficha.

Kaburi lake, huko Pirbright, Uingereza, limechorwa pia jina alilopewa Kongo: Bula Matari.