Kikombe cha Yogati Kina Vijiko Vingapi vya Sukari?



Safari hii tunataka kuzungumza nanyi juu ya jambo ambalo wengi hulidhania dogo: ile yogati tunayokunywa, na ile tunayouza. Tumelichagua kwa sababu ya mama mmoja, mweka hazina wa kikundi cha akina mama wanaofuga ng'ombe wa maziwa. Jina lake hatulitaji.

Mama huyu alipoambiwa ana ugonjwa wa kisukari, alitii. Aliacha sukari kwenye chai. Aliacha soda, hata kwenye harusi. Dawa alimeza kila siku. Lakini kila alipopimwa kliniki, sukari ilikuwa bado iko juu. Mwishowe nesi alimwuliza polepole:

"Mama, hebu tuanze asubuhi. Kwa siku nzima unakula nini na unakunywa nini?"

Akataja kila kitu mpaka akafika saa kumi jioni. "Hapo nakunywa yogati yetu ya kikundi, binti yangu. Vikombe viwili. Si mlisema maziwa ni mazuri?"

"Na hiyo yogati mnaitia sukari?"

Mama akanyamaza. Yeye ndiye aliyekuwa akiinunua hiyo sukari kwa pesa za kikundi, na kuiandika daftarini kwa mkono wake mwenyewe.

Tusimcheke. Wengi wetu tuna mawazo kama yake: kwamba kitu kikiitwa maziwa, basi mgonjwa wa kisukari anaweza kunywa bila kuuliza. Tuangalie ukweli ni upi.

SUKARI YA MAZIWA YENYEWE

Maziwa yana sukari yake ya asili, inaitwa laktosi. Katika mililita 100 za maziwa ya ng'ombe kuna karibu gramu 5. Kijiko kimoja cha chai cha sukari ni kama gramu 4. Kwa hiyo kikombe cha mililita 250 cha maziwa matupu kina sukari ya asili kama vijiko 3.

Maziwa yanapogandishwa kuwa maziwa lala au yogati, vile vijidudu vizuri vinavyoyagandisha hula sehemu ya laktosi na kuigeuza kuwa asidi. Ndiyo maana yanakuwa machachu. Basi maziwa lala na yogati isiyotiwa kitu vina sukari pungufu kidogo kuliko maziwa freshi. Tena vina protini na mafuta, ambavyo husaidia sukari iingie kwenye damu polepole.

Kwa hivyo mtu mwenye kisukari hakatazwi maziwa lala. Shida haiko kwenye maziwa. Shida ni kile tunachoongeza.

CHUKUENI KALAMU TUPIGE HESABU

Kikundi cha mama huyu kilikuwa kikitengeneza lita 20 za yogati na kutia kilo 1 na nusu ya sukari. Kilo 1 na nusu ni gramu 1,500. Gawanya kwa lita 20, unapata gramu 75 kwa kila lita. Lita moja ni vikombe 4 vya mililita 250. Kila kikombe kina karibu gramu 19 za sukari ya kuongezwa, yaani karibu vijiko 5.

Mama yetu alikunywa vikombe viwili. Hiyo ni karibu vijiko 10, mbali na sukari ya maziwa yenyewe. Alikataa vijiko viwili vya sukari kwenye chai asubuhi, akanywa kumi jioni bila kujua!

Mwaka wa 2015 Shirika la Afya Duniani lilishauri kwamba hata mtu mzima asiye mgonjwa ni bora sukari ya kuongezwa isizidi kama gramu 25 kwa siku, yaani vijiko 6 hivi.

Mbona basi ulimi haukumwambia? Ni kwa sababu uchachu huficha utamu. Ukitia vijiko 5 kwenye kikombe cha chai utasema ni shira. Ukivitia kwenye kikombe cha yogati, utasema ni tamu kiasi. Usiuamini ulimi peke yake.

UKIENDA DUKANI

Pakiti nyingi zimeandikwa kwa Kiingereza. Kama husomi lugha hiyo, mwombe kijana wa shule akusaidie. Haya ndiyo ya kuangalia:

1. Tafuta yogati isiyotiwa ladha wala rangi. Mara nyingi pakiti yake huandikwa "plain" au "natural". Ile ya waridi, ya vanila au ya matunda karibu kila mara imetiwa sukari, isipokuwa pakiti iseme wazi kwamba haikutiwa.

2. Soma orodha ya vitu vilivyotumika. Kitu kilicho kingi ndicho huandikwa kwanza. Ukiona "sugar" ni ya pili baada ya maziwa, rudisha pakiti rafuni. Glukosi, shira na asali ni sukari vilevile. Wengine husema ati asali ni dawa, haina neno. Si kweli, nayo hupandisha sukari ya damu.

3. Angalia hesabu ya sukari kwa kila gramu 100. Ikiwa ni 4 mpaka 6, hiyo kwa kawaida ni sukari ya maziwa yenyewe. Ikifika 10 au kupita, jua imeongezwa. Uwe mwangalifu, kwa maana pakiti nyingine huandika hesabu ya kikombe kimoja, si ya gramu 100.

4. Usidanganywe na maneno "fat free". Maana yake ni kwamba mafuta yameondolewa. Hayasemi lolote juu ya sukari, na pengine sukari imezidishwa ili ladha irudi.

5. Ukinunua kwa chupa isiyo na maandishi, muulize muuzaji: "Umetia sukari kiasi gani kwa lita?" Asiyejua jibu, usinunue kwake.

UGALI NAO

Wengi wetu hula ugali kwa maziwa lala. Hapa tukumbuke kwamba unga nao tumboni hugeuka kuwa sukari, na donge kubwa la ugali hupandisha sukari ya damu kuliko kikombe cha maziwa lala. Mwenye kisukari apunguze donge, aongeze mboga za majani, na kikombe kimoja kimtoshe. Akitaka kuonja kitu kitamu, atie vipande vichache vya papai kwenye yogati yake, au njugu zilizopondwa. Aliye na shida ya figo amwulize daktari kwanza juu ya maziwa.

TENGENEZA NYUMBANI

Chemsha lita moja ya maziwa mpaka yatokote vizuri. Maziwa mabichi yanaweza kuleta magonjwa. Yaache yapoe mpaka yawe vuguvugu, yaani uweze kuyagusa kwa kidole safi na kuhesabu mpaka kumi bila kuungua. Tia vijiko vikubwa viwili au vitatu vya yogati isiyo na sukari ili ianzishe, koroga, ufunike. Zungushia sufuria blanketi, uiache pahali penye joto kwa saa 6 mpaka 8 bila kuitikisatikisa. Ikishaganda iweke pahali pa baridi. Kama huna friji, itumie siku hiyo au kesho yake. Na kijiko cha sukari kikae kwenye kabati.

ONYO MOJA KUBWA

Kuna wakati sukari ya mgonjwa hushuka mno, hasa akitumia insulini au dawa fulani za vidonge kisha akakosa kula. Hutokwa na jasho, hutetemeka, moyo huenda mbio, hata huanza kusema maneno yasiyoeleweka. Wakati huo usimpe maziwa lala wala yogati isiyo na sukari, kwa kuwa hufanya kazi polepole. Mpe vijiko 3 au 4 vya sukari katika maji, au nusu glasi ya soda ya kawaida. Baada ya dakika 15 akiwa bado hajapata nafuu, mpe tena, kisha akipata nguvu ale chakula. Akiwa hawezi kumeza au amezirai, usimtie kitu chochote mdomoni, mkimbize hospitali.

Na mtu asiache dawa zake ati kwa sababu ameacha yogati tamu. Dawa hubadilishwa na daktari tu.

KIKUNDI KILIFANYA NINI?

Mama aliporudi kutoka kliniki alilileta jambo hili mkutanoni. Haikuwa rahisi. Wenzake walisema wateja watakimbia, na pesa za karo zitatoka wapi? Walibishana mpaka giza likaingia. Mwisho walikubaliana kwamba katika kila lita 20, lita 5 ziachwe bila sukari, na zile nyingine zitiwe kidogo kuliko zamani. Chupa za zile lita 5 wakaziandika "Haina sukari ya kuongezwa". Hawakuandika "Haina sukari", maana hiyo ingekuwa uongo. Maziwa yana yake.

Mwezi wa kwanza lita 5 hazikwisha. Baadaye watu wakaanza kuja kuziulizia kwa sauti ya chini: mzee wa duka, mwalimu mstaafu, mama wa jirani. Ndipo kikundi kikatambua kwamba wenye kisukari kijijini ni wengi kuliko walivyofikiri, na walikuwa wakijificha. Wanachama wawili pia walikwenda kupimwa.

Mweka hazina bado anakunywa yogati yake saa kumi jioni. Sasa ni kikombe kimoja, nyeupe. Anasema wiki ya kwanza ilimkunja uso, wiki ya tatu akazoea. Sukari yake imeanza kushuka, na safari bado ni ndefu. Daftari la kikundi nalo linaonyesha kilo chache za sukari kila wiki, na yeye mwenyewe ndiye anayeandika.

MASWALI YA KUJADILI KIKUNDINI

1. Yogati au maziwa lala tunayouza sisi yana sukari kiasi gani kwa kikombe? Pigeni hesabu pamoja.
2. Kwenye mikutano yetu, mwenye kisukari huwekewa nini cha kunywa?
3. Ni nani kati yetu hajawahi kupimwa sukari, na ataenda kliniki lini?