Kwaya Kuu ya Wachimba Makaa

Paukwa! Leo sina sungura wala fisi. Nina kisa cha kweli cha mwaka 1872, kutoka Wales, nchi ndogo ya milima na mvua iliyo magharibi mwa Uingereza. Malkia wa zama hizo alikuwa Victoria. Meli na treni ziliendeshwa kwa mvuke, mvuke ulitaka moto, na makaa ya mawe yaliyosifiwa sana kwa kazi hiyo yalichimbwa kusini mwa Wales, kwenye mabonde ya Aberdare na Rhondda.

Kazi yenyewe ilikuwa ngumu, wanangu. Majira ya baridi mchimbaji alishuka mgodini kabla hakujapambazuka, akatoka giza limeshaingia. Jua aliliona Jumapili. Sheria ya mwaka 1842 iliwakataza wanawake, wasichana, na wavulana wasiofikisha miaka 10 kufanya kazi chini ya ardhi, lakini wavulana waliozidi umri huo kidogo walishuka na baba zao. Wengine waliketi gizani saa nyingi, kazi yao kufungua mlango wa kuongozea hewa kila toroli lilipopita, kisha kuufunga. Jioni baba aliogea ndani ya beseni kubwa mbele ya moto wa jikoni, mkewe akimsugua vumbi la makaa mgongoni.

Sasa twende kanisani, maana huko ndiko kulikokuwa na utajiri wao. Watu hawa walizungumza Kiwelisi, na wengi Kiingereza kiliwapiga chenga. Makanisa yao walijijengea kwa michango. Katika shule ya Jumapili mtoto aliketi karibu na babu yake, wote wakijifunza kusoma Biblia kwa Kiwelisi. Hata sikukuu zao zilikuwa za kuimba. Wakati wa Krismasi, katika sehemu za kusini, vijana walizunguka na fuvu la farasi lililovishwa shuka na riboni, likiitwa Mari Lwyd. Walisimama mlangoni wakiimba beti, wenye nyumba wakawajibu kwa beti kutoka ndani, na aliyeishiwa beti ndiye aliyeshindwa.

Lakini kupenda kuimba ni jambo moja, na kuimba kazi kubwa za mtunzi Handel kwa sauti nne ni jambo jingine. Vitabu vya nota za mistari mitano vilikuwa ghali, na kuzisoma kulitaka mwalimu. Hapo ndipo solfa ilipowafaa. Mchungaji Mwingereza John Curwen aliieneza, akiendeleza kazi ya mwalimu Sarah Glover wa Norwich. Badala ya vitone juu ya mistari, wimbo uliandikwa kwa herufi: d, r, m, f, s, l, t. Mchapaji yeyote mwenye herufi za kawaida aliweza kuutoa kwa bei ndogo. Ukutani ilitundikwa chati ndefu yenye herufi hizo kutoka chini hadi juu. Mwalimu wa kwaya akagusa moja kwa fimbo, darasa zima likatoa sauti yake. Mnaoimba kwaya za kanisa Moshi au Kisumu mnaijua solfa. Wamisionari waliileta huku, na bado inatumika.

Basi mwaka huo 1872 yakatangazwa mashindano ya kwaya katika jumba la kioo la Crystal Palace, London. Tuzo ilikuwa kikombe cha thamani ya gini 1,000, kwa hesabu ya fedha za Kiingereza. Kusini mwa Wales wakakusanyika waimbaji kwa mamia, wachimbaji na wafanyakazi wengine, wanaume kwa wanawake. Waliyemchagua kuwaongoza alikuwa Griffith Rhys Jones, aliyejulikana kwa jina la Caradog, mtu aliyeanza maisha kama mhunzi. Wenyewe waliiita Kwaya Kuu. Walipofika, hakuna kwaya iliyojitokeza kupambana nao, lakini waliimba mbele ya waamuzi na kupewa kikombe.

Ushindi usio na mpinzani huwa na wasemaji. Mwaka 1873 wakarudi, na safari hii kwaya ya London, yenye waimbaji wa solfa kama wao, ikawakabili. Waliishinda. Kwa maoni yangu huo ndio ushindi wenyewe.

Caradog alifariki mwaka 1897. Sanamu yake ipo Aberdare hadi leo. Nanyi mnaoimba kwaya, msikariri sauti kwa kumfuata jirani: mwombeni mwalimu awafundishe kusoma solfa.