Rangi ya Moshi Kwenye Meno na Vizibo

Katika mialo ya Kirumba, Igombe na Kayenze, sigara ni mwenzi wa wavuvi wengi wanaokesha ziwani. Baada ya miaka kadhaa, meno ya mvutaji huwa ya manjano, kisha ya kahawia. Wengi humwendea tabibu wa meno wakiomba jambo moja tu: yang'arishwe. Kabla ya kufanya hivyo, yafaa chanzo cha rangi kijulikane.

Si kila doa la kahawia Kanda ya Ziwa ni la tumbaku. Baadhi ya visima vya Shinyanga na maeneo jirani vina floraidi nyingi. Mtoto akiyanywa maji hayo wakati meno yake ya ukubwani yanaumbika, huota meno yenye madoa ndani ya gamba lake, aghalabu yakilingana kulia na kushoto. Doa hilo haliondoki kwa kusafishwa. La tumbaku huanzia juu: lami ya moshi hunata kwenye ukoga, hasa karibu na ufizi na upande wa ndani wa meno. Kusugua kwa mkaa au mchanga hukwaruza jino, na jino lililokwaruzwa hushika rangi upesi zaidi.

Vizibo vyenye rangi ya jino navyo hunyonya rangi, hasa vikiwa na uso usio laini. Miongoni mwake ni vya glasi ayonoma, vinavyotumika katika njia ya kuziba meno kwa vifaa vya mkono pasipo umeme. Njia hiyo ilianzishwa Tanzania katikati ya miaka ya 1980, nayo inafaa hata katika zahanati za visiwani. Mgonjwa aelezwe mapema kwamba dawa ya kung'arisha hubadili rangi ya jino, si ya kizibo. Asipoelezwa, huenda akabaki na meno ya mabaka. Aidha, mstari mweusi pembeni mwa kizibo si ushahidi kamili wa kuoza. Mtoa huduma achunguze kama pana ufa au sehemu laini. Pengine kusugua na kulainisha kizibo kwatosha, kwani kila kinapobadilishwa, jino hupungua.

Lililo zito zaidi halionekani kwenye kioo. Nikotini hubana mishipa ya damu, hivyo ufizi wa mvutaji waweza usitoke damu ilhali mfupa unaoshikilia meno unaliwa. Mgonjwa hudhani yu mzima mpaka meno yalegee. Kwa hiyo, anayekuja kwa ajili ya rangi apimwe ufizi, akaguliwe ulimi, chini ya ulimi na mashavu kwa ndani. Kidonda au baka jeupe au jekundu lisilopona kwa wiki mbili lahitaji rufaa bila kuchelewa. Huenda ikawa dalili ya saratani.

Kusafisha meno huondoa doa la jana. Asiyeacha tumbaku atalirudisha, na ugonjwa wa ufizi utaendelea chini ya meno yaliyong'arishwa.