Shabaha Njema, Mkono Mzima

Mchezaji wa gemu za kufyatua risasi anapomkosa adui kwenye skrini, aghalabu huikaza pedi mikononi, husukuma kijiti kwa nguvu zaidi, kisha huongeza saa za mazoezi hadi usiku wa manane. Mambo yote matatu humharibia shabaha. Yakiendelea kwa wiki nyingi, huweza kumharibia pia mkono anaoutegemea kwa masomo na riziki.

Pedi za kisasa zina vijiti viwili. Cha kushoto humtembeza mhusika, na cha kulia huigeuza alama ya kulengea iliyo katikati ya skrini. Anayetumia kipanya cha kompyuta hulenga kwa kifundo cha mkono, kiwiko na hata bega. Anayetumia pedi hulenga kwa kidole gumba kimoja, katika mwendo mfupi mno. Kosa dogo la kidole huwa kosa kubwa kwenye skrini.

Mwaka 1954, mwanasaikolojia wa Marekani Paul Fitts alionyesha kuwa muda wa kuufikisha mkono kwenye shabaha hutegemea umbali na upana wa shabaha hiyo. Iliyo mbali na nyembamba hudai muda mrefu zaidi. Anayelazimisha haraka huipita. Aidha, kadiri msuli unavyotoa nguvu kubwa, ndivyo nguvu hiyo inavyoyumba. Haraka haraka, kama walivyonena wahenga, haina baraka.

Kwa hiyo njia ya kwanza ya kuboresha shabaha ni kuupunguza umbali. Tangu jicho lione kitu hadi kidole kianze kujibu hupita takriban robo ya sekunde. Mchezaji mzoefu huitanguliza alama ya kulengea mahali adui atakapotokea, kama vile ukingo wa mlango, kwa kimo cha kichwa, badala ya kuielekeza sakafuni. Akishakaribia shabaha, humalizia kwa kusogeza mwili wa mhusika kwa kijiti cha kushoto, na gumba la kulia likapumzika.

Njia ya pili ni kurekebisha mipangilio. Ikiwa alama hupita shabaha kila mara, kasi ya kijiti ipunguzwe kidogo kidogo, kisha iachwe hivyo kwa siku kadhaa, kwa kuwa mkono haujifunzi kipimo kinachobadilika kila jioni. Lile eneo la katikati ambamo kijiti hakiitikii lipunguzwe hadi mahali ambapo alama haisogei yenyewe.

Njia ya tatu ni kupumzika. Mazoezi mafupi yenye mapumziko hufunza zaidi kuliko mkesha mmoja, kwa sababu ubongo huendelea kuimarisha ujuzi wa mkono wakati wa usingizi.

Asiyepumzika huenda akaanza kuhisi maumivu upande wa kifundo cha mkono, chini ya gumba. Hapo kano mbili za gumba hupita ndani ya ala nyembamba. Ala hiyo ikinenepa, kano hukwama na kuuma. Hali hiyo huitwa ugonjwa wa de Quervain, kwa jina la daktari wa upasuaji wa Uswisi aliyeueleza mwaka 1895. Huwapata pia wazazi wanaonyanyua watoto wachanga mara kwa mara. Mgonjwa akikunja gumba ndani ya ngumi na kuinamisha kifundo taratibu kuelekea kidole kidogo, maumivu makali huashiria ugonjwa huo.

Wengi hupata nafuu kwa kuacha mwendo unaouma na kuvaa banzi linalotuliza gumba na kifundo. Dawa za maumivu zitumike kwa ushauri, hasa kwa wenye vidonda vya tumbo, matatizo ya figo au ujauzito. Wengine huhitaji sindano ya steroidi, na wachache upasuaji. Ganzi ya gumba na vidole viwili vinavyofuata, hasa usiku, huashiria mshipa wa fahamu uliobanwa. Uvimbe mwekundu wenye homa haupaswi kusubiri. Mgonjwa awahi kituo cha afya siku hiyo hiyo.

Mchezo wenyewe si adui. Katika utafiti uliochapishwa Marekani mwaka 2007, madaktari wa upasuaji 33 walipimwa kwa mazoezi ya upasuaji wa matundu madogo. Waliowahi kucheza gemu zaidi ya saa tatu kwa wiki walifanya makosa pungufu kwa asilimia 37. Hilo halithibitishi kuwa gemu ndizo zilizowafunza, lakini linatosha kumzuia mhudumu wa afya asimkaripie kijana mwenye maumivu ya gumba. Amuulize kwa upole mikono yake hufanya nini mchana na usiku. Kijana asiyeogopa kukemewa ataitaja pedi mapema, kabla kano haijahitaji kisu.