Darubini, Kipakatalishi na Saa ya Kiswahili

Utangulizi

Wapo wanaoshikilia kwamba Kiswahili kinatosha kusimulia na kushairi, ila hakiwezi kumwelekeza mtu kutumia chombo cha kisayansi. Dai hili halijibiwi kwa mjadala wa jukwaani. Hujibiwa kwa kuyatoa maelekezo yenyewe, kisha kutazama iwapo msomaji anaweza kuyafuata bila kukiharibu chombo. Makala haya yanafafanua jinsi darubini ya kutazamia nyota, yenye kiegemeo cha kielektroniki, inavyounganishwa na kipakatalishi. Mfano uliochaguliwa ni viegemeo vya NexStar vya kampuni ya Celestron ya Marekani.

Maana ya Kiegemeo

Neno darubini lina asili ya Kiajemi, na limeundwa kwa maneno mawili yenye maana ya 'mbali' na 'kuona'. Hata hivyo, bomba lenye lenzi au vioo ni nusu tu ya chombo. Nusu ya pili ni kiegemeo, yaani sehemu inayolibeba bomba juu ya miguu mitatu na kuligeuza. Katika viegemeo vinavyozungumziwa hapa, mota mbili hufanya kazi hiyo: moja hulizungusha bomba kushoto na kulia, nyingine huliinua na kuliteremsha. Mtumiaji huziamuru kwa kidhibiti cha mkononi chenye vitufe na kioo kidogo cha maandishi. Kipakatalishi kikiunganishwa, mtumiaji huteua nyota kwenye ramani ya anga iliyo katika skrini, nayo darubini hujielekeza huko.

Hatua za Kuunganisha

Jambo la kwanza ni kulitambua tundu linalohusika. Matundu ya kiegemeo hufanana na yale ya simu za mezani, na mara nyingi huwa zaidi ya moja. Kufanana kwa umbo si kufanana kwa kazi. Yapo yanayopitisha umeme wa kuendeshea vifaa, na kuchomeka kebo isiyofaa kunaweza kuunguza saketi. Katika NexStar, tundu la tarakilishi liko upande wa chini wa kidhibiti cha mkononi. Vidhibiti vya awali vina tundu la siriali la aina ya RS-232, ilhali vya baadaye vina tundu la USB.

Aidha, vipakatalishi vingi vya leo havina poti ya siriali. Kwa hivyo, mwenye kidhibiti cha awali huhitaji vitu viwili: kebo ya siriali inayoingia katika kidhibiti, na kibadilishi cha kutoka siriali hadi USB. Kibadilishi kikishachomekwa na programu yake kusakinishwa, tarakilishi inayotumia Windows hukipa namba ya poti, mathalani COM3. Namba hiyo ndiyo inayoteuliwa katika programu ya anga, kwa mfano Stellarium, ambayo hupatikana bila malipo. Kasi ya mawasiliano huwekwa kuwa biti 9600 kwa sekunde. Pande mbili zikitofautiana kwa kasi, hazitaelewana hata kama kila waya uko mahali pake.

Mazungumzo ya Vyombo

Mawasiliano haya yana sarufi yake. Tarakilishi inapotaka kujua darubini imeelekea wapi, hutuma herufi moja tu, E. Kiegemeo hujibu kwa namba mbili zilizotenganishwa kwa mkato, kisha huweka alama ya # kuonyesha kwamba kimemaliza usemi wake. Namba hizo huonyesha mahali katika duara lililogawanywa vipande 65,536. Herufi ndogo, e, huuliza swali lilo hilo, ila hudai jibu lenye usahihi zaidi. Hapa, basi, tofauti ya herufi kubwa na ndogo hubadili maana ya usemi.

Suala la Saa na Mahali

Kabla ya kuunganishwa na programu, kiegemeo hupaswa kujua kiko wapi na ni wakati gani. Mtumiaji aliye Nairobi huingiza nyuzi 1 na dakika 17 kusini, na nyuzi 36 na dakika 49 mashariki. Majira ya Kenya yako saa 3 mbele ya yale ya kimataifa. Tarehe huandikwa kwa mtindo wa Kimarekani, mwezi ukitangulia siku. Tarehe 5 Machi huwa 03/05. Kisha mtumiaji huilenga darubini kwa nyota mbili anazozifahamu, ili kiegemeo kilinganishe hesabu zake na anga halisi.

Hapa ndipo lugha inapoweza kukwamisha kazi. Mswahili huhesabu saa za usiku tangu magharibi, hivyo saa mbili usiku kwake ni 20:00 kwa kidhibiti. Atakayeingiza saa 2 atakuwa amekosea kwa saa 6. Kwa kuwa anga huonekana kuzunguka nyuzi 15 kila saa, kosa hilo ni sawa na nyuzi 90, yaani robo ya duara. Darubini itatii amri, mota zitanguruma, lakini nyota inayotafutwa haitaonekana.

Hali kadhalika, kidhibiti hutaja nyota kwa majina kama Rigel na Aldebaran. Majina hayo yalitokana na Kiarabu. La kwanza huhusiana na mguu, la pili na kufuata. Kiswahili nacho kina Zuhura, Mshtarii, Zohali na Kilimia. Mtumiaji anayejua kwamba Kilimia ndicho kundi liitwalo M45 katika orodha za wanafalaki ataweza kukiagiza kwa urahisi.

Hitimisho

Ni bayana kwamba istilahi za kazi hii zinapatikana: nyingine ni za asili, nyingine zimeundwa, nyingine zimekopwa na kutoholewa. Tatizo kubwa zaidi si upungufu wa msamiati. Mfasiri anayeandika 'ingiza saa' bila kueleza ni saa ya hesabu gani atakuwa ametunga sentensi isiyo na kosa la kisarufi, lakini atampotosha msomaji kwa robo ya anga. Mwanafunzi wa Kiswahili anayetaka kuandikia sayansi hana budi, basi, kukifahamu chombo kwanza, ndipo ashike kalamu.